Jinsi ya kusoma grafu ya pau bila kupigwa na urefu wa nguzo

Grafu za pau, zile zenye nguzo nguzo, mzazi au mwanafunzi anakutana nazo sehemu nyingi kuliko anavyodhani. Ipo kwenye mtihani wa Hisabati darasa la saba, ipo kwenye manila iliyobandikwa ofisi ya mwalimu mkuu pembeni ya ikama (hesabu ya wanafunzi wa shule), ipo kwenye kikao cha wazazi pale mwalimu wa taaluma anaposimama na kusema "kama mnavyoona hapa tumepanda", na siku hizi ipo hadi kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, mtu katuma picha ya matokeo haisomeki hata vizuri halafu watu washaanza kubishana. Shida ya hii grafu ni kwamba inaonekana rahisi mno. Nguzo ndefu wengi, nguzo fupi wachache, basi tumemaliza. Hapo ndo watu wengi wanapopigwa.

Mi wanafunzi nawaambia kitu kimoja mpaka wananichoka: macho yasianzie kwenye nguzo. Anza na maandishi ya juu, kichwa cha grafu, kinasema hii ni idadi ya nani, wapi, lini. Halafu shuka mstari wa chini uone nguzo zimepewa majina gani, siku, madarasa, masomo au nini. Halafu, na hapa ndo pa kukaa muda, nenda mstari wa pembeni wenye namba. Jiulize vitu vitatu: namba zinahesabu nini (wanafunzi, asilimia, alama?), zinaanzia ngapi, na zinaruka ngapi ngapi. Grafu ambayo haijaandika namba za pembeni zinahesabu nini ni sawa na kuambiwa nyanya elfu tatu bila kuambiwa ni sado au fungu, huwezi kusema ni ghali wala rahisi. Ukishajua hayo ndo sasa uangalie nguzo.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa, mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina, kwenye kona ya ubao kunakuwa na kale kaboksi ka WV (wavulana), WS (wasichana), JML (jumla), waliosajiliwa wangapi, waliopo wangapi. Tuseme darasa la sita la shule fulani ya kufikirika lina wanafunzi 60 waliosajiliwa, na tumechukua ile JML ya waliopo kwa wiki nzima tukachora. Nimezilaza nguzo ili zikae vizuri kwenye simu, kwenye karatasi mara nyingi zinasimama lakini usomaji ni uleule. Kila kiboksi kimoja ni wanafunzi 2, na nimeacha nafasi kila baada ya viboksi vitano, yaani kila fungu ni wanafunzi 10.

WANAFUNZI WALIOHUDHURIA, DARASA LA SITA, WIKI MOJA

Jumatatu
█████ █████ █████ █████ ████
Jumanne
█████ █████ █████ █████ █████ ██
Jumatano
█████ █████ █████ █████ █████ ███
Alhamisi
█████ █████ █████ █████ █████ ██
Ijumaa
█████ █████ █████ █████ █

Soma Jumatatu. Mafungu manne kamili ni 40, vimebaki viboksi 4, kila kimoja 2, hiyo ni 8, jumla 48. Kosa linalojirudia kuliko yote ni mtoto kuhesabu viboksi akaandika 44, kwa sababu ameona mafungu manne na vinne, amesahau kiboksi ni wawili wawili. Kwenye mtihani ni hivyohivyo, mstari wa pembeni umeandikwa 0, 10, 20, 30, na katikati ya kila namba kuna vimstari vidogo, mtoto anachukulia kila kimstari ni moja tu bila kuhesabu viko vingapi. Dawa yake ni kugawanya: kutoka 40 hadi 50 kuna hatua ngapi ndogo? Kama ni tano basi 10 gawa kwa 5, kila hatua ni 2. Kama ni mbili tu basi kila moja ni 5. Na nguzo ikiishia katikati ambako hakuna kimstari, weka rula ilale sawa kutoka kichwa cha nguzo mpaka pembeni, usikadirie kwa jicho hasa kwa nguzo zilizo mbali na zile namba, jicho linapanda au linashuka lenyewe njiani.

Kwa hiyo wiki yetu ni Jumatatu 48, Jumanne 54, Jumatano 56, Alhamisi 54, Ijumaa 42. Nakushauri uandike hizi namba juu ya kila nguzo kwa penseli kabla hujagusa swali lolote, grafu ikishageuka kuwa jedwali maswali yanakuwa ya hesabu za kawaida tu.

Sasa maswali. Siku zipi mbili mahudhurio yalilingana? Jumanne na Alhamisi, hilo la bure. Uwiano wa Ijumaa kwa Jumatano? 42 kwa 56, gawa zote kwa 14, unapata 3 kwa 4. Angalia mpangilio, wameanza kutaja Ijumaa kwa hiyo Ijumaa inaanza, ukiandika 4 kwa 3 umekosa ingawa hesabu umeijua. Siku ngapi waliohudhuria walizidi 54? Hapa wengi wanajibu 3. Jibu ni 1, Jumatano peke yake, maana 54 haijaizidi 54. Wangesema "54 au zaidi" ndo ingekuwa 3. Mtungaji anaijua hiyo tofauti na ameiweka kwa makusudi.

Asilimia ngapi walikuwepo Jumatatu? Chini inakaa 60, waliosajiliwa, kwa hiyo 48 kwa 60 ni asilimia 80. Sa angalia mtego: hiyo 60 haimo kwenye nguzo hata moja! Imeandikwa kwenye maelezo ya juu ya swali. Mtoto aliyezoea kuona asilimia anajumlisha nguzo zote anapata 254 halafu anagawa 48 kwa 254, na jibu linatoka asilimia 19 hivi, na haangalii hilo jibu mara mbili. Asilimia 19 ya darasa ingekuwa watoto kama 11, na wewe umeona 48 kwa macho yako.

Na hiyo 254 yenyewe ni nini? Sio wanafunzi 254, darasa lina 60. Ni mahudhurio, mtoto mmoja aliyekuja siku zote tano kahesabiwa mara tano. Kama wote wangekuja siku zote ingekuwa 60 mara 5, 300, kwa hiyo 254 kwa 300 ni kama asilimia 85 ya mahudhurio kwa wiki, hiyo inaruhusiwa na ina maana. Linganisha na grafu ya "mchezo unaopendwa", mpira wa miguu, netiboli, riadha, wavu, ambapo kila mtoto kachagua mmoja tu. Kule ukijumlisha nguzo zote unapata idadi ya watoto kweli. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha nguzo jiulize kwanza, mtu mmoja anaweza kuwa ndani ya nguzo mbili? Kama anaweza, jumla yako sio idadi ya watu.

Hapa sasa patamu. Chukua data zilezile, usibadilishe hata moja, ila badala ya waliokuja chora wasiokuja. Jumatatu 12, Jumanne 6, Jumatano 4, Alhamisi 6, Ijumaa 18.

WASIOHUDHURIA, DARASA LILELILE, WIKI ILEILE

Jumatatu
█████ █
Jumanne
███
Jumatano
██
Alhamisi
███
Ijumaa
█████ ████

Ukiangalia ile ya kwanza unaona darasa linalohudhuria vizuri na Ijumaa imepungua kidogo. Ukiangalia hii unaona Ijumaa utoro ni mara nne na nusu ya Jumatano, balaa. Zote mbili ni za kweli! Hakuna aliyedanganya. Mwalimu anayetaka kutuliza kikao atabandika ya kwanza na mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kuwasha moto atabandika ya pili, na wewe uliyekaa kwenye benchi la nyuma unatakiwa uwe na uwezo wa kuona moja ukaichora nyingine kichwani. Ndo maana nasema kichwa cha grafu kisomwe kwanza.

Kuna na njia ya tatu ambayo hii kwangu ni udanganyifu hata kama mchoraji hakukusudia. Namba za pembeni zisianzie 0, zianzie 40. Nguzo ya Jumatano inakuwa na urefu wa 16 juu ya 40, nguzo ya Ijumaa inakuwa na urefu wa 2. Kwa macho Jumatano ni mara nane ya Ijumaa, wakati ukweli 56 ni 42 na theluthi yake juu, hata mara mbili haifiki. Grafu ya pau inalinganisha kwa urefu, ukikata miguu ya nguzo zote sawa, ile fupi inaumia zaidi, kwa hiyo nguzo lazima zianzie sifuri. Kwenye grafu ya mstari unaweza kuanzia juu na isiwe dhambi, kwenye pau hapana. Ukikuta imeanzia juu, usiitupe, namba zake bado zinasomeka, ila acha kulinganisha urefu, soma namba tu.

Halafu Ijumaa kwa nini imeshuka? Grafu haijasema. Watu watajibu haraka haraka, kila mtu na lake, kuna mnada Ijumaa, ni siku ya swala watoto wanawahi kuondoka, wazazi wazembe. Inawezekana, lakini hakuna hata moja lililo ndani ya hizo nguzo. Swali la kwanza la kuuliza ni la kiofisi tu: majina Ijumaa yaliitwa saa ngapi? Kama siku nyingine yanaitwa asubuhi na Ijumaa yaliitwa mchana, tunalinganisha vitu viwili tofauti. La pili, hii ni wiki moja tu, leta wiki nne au tano. Kama Ijumaa inashuka kila wiki, hapo kuna jambo la kufuatilia, kama ni hiyo moja labda ilinyesha. Kwenye mtihani ukiulizwa "grafu inaonesha nini" andika kilichopo tu, mahudhurio yalikuwa madogo zaidi Ijumaa, usiweke sababu zako.

Tuje kwenye nguzo pacha, zile mbili mbili zimebanana, wavulana na wasichana kwa kila darasa. Hizi hazijaanza juzi. William Playfair wa Uskoti, ambaye ndo anatajwa kama mwanzilishi wa grafu za pau, mwaka 1786 alitoa grafu ya biashara ya nchi yake na nchi nyingine, kila nchi ina nguzo mbili, bidhaa zinazoingia na zinazotoka. Alikuwa na data za mwaka mmoja tu, hakuwa na miaka mingi ya kuunganisha kwa mstari, ndo akaja na nguzo. Na ndo matumizi yake mpaka leo, vitu vilivyotengana, sio lazima vifuatane.

Nguzo pacha zinataka usome ufunguo, kale kaboksi kanakosema rangi hii WV rangi hii WS. Tatizo la kwetu ni fotokopi, grafu imechorwa bluu na nyekundu, ikapita kwenye mashine, zote zikatoka kijivu. Ikitokea hivyo kwenye mtihani, angalia kama moja ina michirizi, la sivyo muulize msimamizi kabla hujaanza, usibahatishe. Na kwenye pacha kuna ulinganishaji wa aina mbili, ndani ya darasa moja (WV na WS wa la tano) na kati ya madarasa (WS wa la kwanza mpaka la saba), swali linataka mojawapo, ukichanganya unapotea. Ukifuata rangi moja, fumba nyingine kwa kidole, inasaidia kweli.

Grafu ya ikama, idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, ina mtego wake ambao hata watu wazima wasomi wanaingia. Unakuta nguzo ya darasa la kwanza ndefu, zinashuka taratibu mpaka la saba fupi, mtu anasema "mnaona watoto wanavyoacha shule". Subiri. Wale wa la saba sio wale wa la kwanza waliopungua, ni watoto wengine kabisa walioandikishwa miaka sita nyuma, labda walianza wachache tangu mwanzo. Mfano mzuri ni mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza Tanzania, uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda sana. Shule iliyochora ikama yake mwaka huo ilipata nguzo ya la kwanza imechomoza peke yake juu ya wenzake. Hiyo haina uhusiano na utoro wa wale wa la saba. Ukitaka kujua walioacha, fuata kundi lilelile: la kwanza 2016, la pili 2017, la nne 2019, la saba 2022. Yaani ukizipanga grafu za kila mwaka ukutani unaona ile nguzo ndefu inatembea kwenda kulia, kila mwaka darasa moja. Ikipungua njiani ndo uulize wamekwenda wapi, na hata hapo kumbuka kuna waliohama na waliokariri darasa.

Mwisho matokeo ya fomu foo, hapa ndo ugomvi wa grupu ulipo. Nguzo tano, divisheni wani, tuu, srii, foo na ziro. Kwanza uliza ni idadi au asilimia. Shule moja ina watahiniwa 200, divisheni wani ni 40, nyingine ina watahiniwa 50, wani ni 20. Ukichora idadi, ya kwanza nguzo yake ni mara mbili. Ukichora asilimia, ya kwanza ni 20 na ya pili ni 40, imegeuka. Shule kubwa na ndogo zilinganishwe kwa asilimia, sioni cha kubishana hapo.

Pili, neno ufaulu. Ufaulu unahesabiwa wani mpaka foo. Tuseme watahiniwa ni 100 miaka yote miwili, mwaka jana wani mpaka srii walikuwa 40, foo 40, ziro 20, ufaulu asilimia 80. Mwaka huu wani mpaka srii 30, foo 58, ziro 12, ufaulu 88. Nguzo ya ufaulu imepanda, makofi yanapigwa, na waliopata srii kwenda juu wamepungua kumi. Tena sio uongo, ziro kupungua ni jambo jema. Ila ukiletewa nguzo moja iliyojumuisha vitu vingi omba ipasuliwe uone vipande.

Tatu, na hili silioni likisemwa, hizi divisheni hazina upana sawa. Pointi zinatoka masomo saba, A ni 1 mpaka F ni 5, kwa hiyo kuanzia 7 hadi 35. Wani ni pointi 7 mpaka 17, hizo ni pointi 11 tofauti. Tuu ni 18 mpaka 21, nne tu. Srii 22 mpaka 25, nne. Foo 26 mpaka 33, nane. Ziro ni 34 na 35, mbili. Kwa hiyo nguzo ya foo kuwa ndefu kuliko ya srii, sehemu ya sababu ni kwamba kapu lenyewe ni pana mara mbili. Na gredi za somo hivyohivyo, A ni 75 mpaka 100, B ni 65 mpaka 74 tu, C ni 45 mpaka 64. B imebanwa kwenye maksi kumi, C ina ishirini. Mtu akikwambia "wanafunzi wetu wanaruka kutoka C kwenda A, B hawapo" mwambie ahesabu upana wa kapu kwanza kabla ya kumwita mwalimu wa somo ofisini.

Ukitaka kuchora ya kwako kwa simu au Ekseli, kaa macho, namba zikiwa zinakaribiana programu yenyewe inaweza kuamua kuanzia juu ya sifuri bila kukuuliza, ingia kwenye mpangilio wa mhimili (ule mstari wa namba) uandike 0 mwenyewe. Zile nguzo za kunenepa kama maboksi yaliyosimama achana nazo, kichwa cha nguzo kinarudi nyuma hujui kinagusa mstari upi. Upana wa nguzo zote uwe mmoja na nafasi kati yake iwe moja. Siku na madarasa ziache kwa mpangilio wake wa kawaida, masomo unaweza kuyapanga kutoka nguzo ndefu kwenda fupi, Kiswahili hakina haki ya kukaa mbele ya Hisabati. Na kama ni manila ya kubandika ukutani, andika namba juu ya kila nguzo kwa maka peni nene, aliyekaa nyuma haoni vimstari.